Seneta Wako Anafanya Nini Haswa? Maswali Yanayoulizwa Sana Kuhusu Mijadala ya Seneti na Ushirikiano wa Kaunti na Majirani

Kila tukikaribia uchaguzi maswali ni yale yale na majibu mengi yanayozunguka mtandaoni ni ya kukisia tu, mtu anasema seneta hana kazi, mwingine anasema seneta ndo mkubwa wa gavana. Mimi nafuatilia Seneti ya Kenya kwa karibu na naamini ni nyumba ambayo tunaidharau bila kuijua, kwa hivyo nimekusanya yale yanayoulizwa sana na kuyajibu vile ninavyoelewa. Ukiwa na haraka ruka uende kwa swali lako, hayajafuatana sana.

Seneta na mbunge wana tofauti gani? Si wote wako Bunge?

Wote wako Bunge ndiyo, lakini nyumba mbili, Bunge la Kitaifa na Seneti. Mbunge anawakilisha eneo bunge, seneta anawakilisha kaunti nzima. Kifungu cha 96 cha Katiba ya 2010 kinasema Seneti inawakilisha kaunti na kulinda maslahi ya kaunti na serikali zake, alafu kinataja kazi zenyewe: kujadili na kupitisha miswada inayogusa kaunti, kuamua pesa zinazoenda kaunti zitagawanywa vipi kati ya zote 47, kufuatilia hizo pesa zimetumikaje, na kuamua hatma ya Rais au Naibu wake ikiwa Bunge la Kitaifa limepiga kura ya kumwondoa.

Jumla ni maseneta 67. Hao 47 tunawachagua sisi, 16 ni wanawake walioteuliwa na vyama kulingana na viti chama kilivyopata, wawili wa vijana, wawili wa watu wenye ulemavu. Spika ndo wa 68.

Mbona seneta wetu hajengi shule wala hatoi basari kama mbunge?

Kwa sababu hana hela za hiyo kazi, ni hivo tu. Mbunge ana NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, mwakilishi wa kike ana NGAAF, mfuko wa kusaidia makundi yaliyoachwa nyuma, gavana ana bajeti nzima ya kaunti, seneta hana mfuko wa maendeleo hata mmoja. Akija kwa harambee ametoa mfukoni mwake au kuna mtu amempa, na hapo nadhani mwananchi anafaa kujiuliza kidogo. Inaniuma nikiona seneta mzuri anapigwa kura ya hasira eti "hatujaona mradi wake hata mmoja" na ilhali mradi wake ni ile sheria, ni ile shilingi iliyoongezwa kwa mgao wa kaunti, ni yule gavana aliyeitwa kwa kamati akajibu maswali. Hivyo vitu havina bango la uzinduzi pale kando ya barabara.

"Kuchangia mjadala" maana yake ni kusimama na kuongea tu?

Hapana, kuongea ni sehemu moja. Seneta anaweza kuleta mswada wake mwenyewe, anaweza kuleta hoja ambayo Seneti ikipitisha inakuwa azimio, anaweza kuomba kauli, yaani anaiuliza kamati fulani imtafutie majibu kutoka kwa wizara au ofisi inayohusika, anaweza kuwasilisha ombi la wananchi, anaweza kusimama kwa hoja ya nidhamu kama mwenzake anapotosha, na anaweza kuleta marekebisho kwa mswada wa mtu mwingine pale kamati ya nyumba nzima inapopitia kifungu kwa kifungu.

Hayo marekebisho ndo kazi ngumu zaidi kwa maoni yangu na ndo haionekani kabisa. Kubadilisha neno moja kwenye sheria, kutoka "anaweza kushauriana na serikali ya kaunti" kuwa "atashauriana", kunaweza kubadilisha maisha ya kaunti kwa miaka ishirini, na hakuna kamera itakayomfuata seneta nje kumuuliza kuhusu hilo neno.

Alafu kuna kamati. Ile ya hesabu za umma za kaunti ndo inawakalisha magavana kitako na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu mkononi, na Kifungu cha 125 kinaipa kamati nguvu kama za Mahakama Kuu kumwita shahidi na kumlazimisha kuleta stakabadhi. Ukitaka kumjua seneta wako mkae naye huko, si kwa mkutano wa hadhara.

Nitajuaje seneta wangu amesema nini?

Hansadi. Kila neno linalosemwa kwenye kikao linaandikwa na linawekwa kwenye webusaiti ya Bunge, bure. Seneti hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kwa hivyo ukikosa kuona jina la mtu wako wiki baada ya wiki wakati nyumba iko kwenye vikao una haki ya kuuliza.

Vile inavyosomeka ni hivi: juu kabisa kuna tarehe na saa kikao kilipoanza na nani alikuwa kitini, kisha ombi la kufungua, kisha shughuli moja baada ya nyingine, na kila anayeongea jina lake linakuja mbele ya maneno yake. Tafuta jina kwenye faili, ruka kutoka pale lilipo hadi pale lilipo tena. Usisome aya ya kwanza pekee manake aya ya kwanza karibu kila mara ni "Asante Bw. Spika kwa kunipa nafasi hii" na pongezi kwa aliyeleta hoja, nenda katikati, hapo ndo utaona kama mtu amesoma mswada ama anarudia alichosema jirani yake. Mimi kipimo changu ni rahisi, naangalia kama ametaja kifungu kwa nambari. Anayetaja kifungu amefungua karatasi.

Pia kuna Mzalendo, shirika ambalo limekuwa likifuatilia wabunge tangu katikati ya miaka ya 2000 na hutoa orodha ya nani ameongea mara ngapi. Inasaidia.

Kwa hivyo anayeongea mara nyingi ndo mchapakazi?

Si lazima. Kuhesabu mara ngapi kunakuonyesha nani amenyamaza kabisa, na hilo ni la maana sana, lakini hakukuambii uzito. Kuna seneta anaweza kuamka mara tano kwa mchana mmoja kwa hoja za nidhamu ambazo hazina kichwa wala miguu, na kuna mwingine anaongea mara moja kwa mwezi na nyumba nzima inanyamaza kusikiliza. Mutula Kilonzo Mdogo alipokuwa seneta wa Makueni, kabla hajawa gavana, alikuwa mtu ambaye ukimwona anasimama unajua kuna kosa la kisheria ameliona, na wenzake hata wa upande mwingine walikuwa wanamsikiliza.

Angalia pia kama lile alilolisema lilifika mahali. Sylvia Kasanga alikuwa seneta mteule kwa bunge lililoisha 2022, wengi hata hawamkumbuki, na yeye ndiye aliyeuleta mswada wa kurekebisha Sheria ya Afya ya Akili na akausukuma mpaka ukatiwa sahihi Juni 2022. Ule mswada ulipita mikono mingapi, kamati ngapi, vikao vingapi vya kusikiliza familia na madaktari, na yeye akashikilia. Nikiulizwa mchango wa seneta ni nini natoa huo mfano kwanza.

Maseneta wateule hupiga kura? Kuna mtu aliniambia hawana kura.

Hapa watu wanachanganyikiwa sana na si kosa lao. Kwa jambo linalogusa kaunti, kura haipigwi na mtu, inapigwa na kaunti. Kila kaunti ina ujumbe wake, maseneta wote waliojiandikisha kama wapiga kura kwenye kaunti hiyo wanaunda ujumbe mmoja na seneta aliyechaguliwa ndo mkuu wa ujumbe. Ujumbe mmoja, kura moja. Karani anaita kaunti moja moja na mkuu wa ujumbe anajibu kama ni ndiyo au la, na ili jambo lipite lazima ujumbe 24 kati ya 47 uunge mkono. Katiba inamtaka mkuu wa ujumbe ashauriane na wenzake kabla ya kuamua, na asipokuwepo anaweza kumteua mwingine wa ujumbe wake ampigie.

Kwa jambo ambalo haligusi kaunti kila seneta ana kura yake, awe mteule awe wa kuchaguliwa. Ndo maana Oktoba 17, 2024 wakati Seneti inaamua kuhusu Naibu Rais Rigathi Gachagua wateule nao walipiga kura, ilihitajika theluthi mbili ya maseneta wote yaani angalau 45 kati ya 67, na mashtaka matano kati ya 11 yalifikisha hiyo idadi.

Ile vuta nikuvute ya 2020 kuhusu fomula ilihusu nini haswa?

Hii nataka niieleze vizuri kwa sababu kwangu ndo wakati Seneti ilionyesha kwa nini ipo.

Katiba inaipa Seneti jukumu la kuamua, kila baada ya miaka mitano, msingi wa kugawa pesa kati ya kaunti. CRA, yaani Tume ya Ugavi wa Mapato, inapendekeza, Seneti inaamua. Sasa pendekezo la 2020 lilikuwa linaongeza uzito wa watu na kaunti zenye watu wengi zikaona zimefurahi, lakini kaunti za Kaskazini, Pwani na sehemu za Ukambani, zile kubwa kwa ardhi na chache kwa watu, zilikuwa zinapoteza pesa taslimu, si kukosa nyongeza, kupoteza kabisa. Fikiria kaunti kama Wajir au Marsabit, daktari anatakiwa kusafiri kilomita mamia kufikia zahanati moja, alafu unaambiwa pesa zipungue kwa sababu watu ni wachache.

Maseneta wakagawanyika, lakini si kwa vyama! Hilo ndo lilikuwa la ajabu na zuri. Wa upinzani na wa serikali wakakaa pamoja kulingana na kaunti zao. Kikao baada ya kikao kiliisha bila kuelewana. Agosti 17 maseneta watatu, Cleophas Malala wa Kakamega, Steve Lelegwe wa Samburu na Christopher Langat wa Bomet, walikamatwa na polisi siku ambayo kura ilikuwa inasubiriwa, na nyumba ikakataa kuendelea bila wao. Ikaundwa kamati ya maseneta 12 ikiongozwa kwa pamoja na Johnson Sakaja na Moses Wetang'ula, na Septemba 17 wakakubaliana kwamba hakuna kaunti itakayopoteza hata shilingi: mgao wa mwaka huo ungebaki 316.5 bilioni kwa fomula ya zamani, na fomula mpya ianze mwaka uliofuata pesa zikiongezwa hadi bilioni 370.

Fomula yenyewe iliyopita ilikuwa hivi: watu asilimia 18, afya 17, kilimo 10, miji 5, umaskini 14, ukubwa wa ardhi 8, barabara 8, na 20 ni ya kugawanywa sawa kwa wote. Ukisoma hizo nambari utaona kila moja ni hoja ya mtu aliyesimama pale ndani na kuitetea. Aliyesema hospitali zihesabiwe alishinda asilimia 17, aliyesema ardhi isisahaulike alipata 8. Huo ndo mchango wa mjadala ukiwa umegeuka kuwa hela.

Bunge la Kitaifa haliwezi tu kupuuza Seneti?

Limejaribu mara nyingi. Miaka ya mwanzo wabunge walikuwa wanapitisha miswada inayogusa kaunti bila hata kuipeleka Seneti, mpaka maseneta wakaenda kortini na Oktoba 2020 Mahakama Kuu ikafutilia mbali sheria 23. Rufaa ilibadilisha baadhi ya hayo baadaye, lakini ujumbe ulifika.

Kwa pesa, kuna kamati ya upatanisho, idadi sawa kutoka kila nyumba, wana siku 30, wasipoelewana mswada umekufa. Mwaka wa fedha wa 2025/26 wabunge walitaka kaunti zipate bilioni 405, Seneti ikasema 465, na baada ya mivutano wakakutana kwa 415. Mtu atasema Seneti ilishindwa kwa sababu ilitaka 465, mimi nasema kaunti zilipata bilioni kumi zaidi kwa sababu kuna watu walikataa kunyamaza.

Kuna mswada ambao Seneti ina nguvu zaidi, ule wa kila mwaka wa kugawa mapato kati ya kaunti, Bunge la Kitaifa likitaka kuubadilisha linahitaji theluthi mbili ya wabunge wake.

Na kung'oa magavana?

Bunge la kaunti linaanza, Seneti inamaliza, ama kwa kamati maalum ama nyumba nzima. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa Januari 2020, Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huo huo. Kawira Mwangaza wa Meru aliponea mara mbili mbele ya Seneti kabla ya Seneti kumwondoa Agosti 2024. Hapa maseneta hukaa kama majaji na wengine hujitahidi kweli kweli kufuata ushahidi, wengine wanafuata chama, Hansadi itakuonyesha nani ni nani.

Ushirikiano wa kaunti kwa kaunti, seneta anaingia wapi? Hizi jumuiya za kaunti si za magavana?

Ni za magavana, ni kweli. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina kaunti sita, Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kuna FCDC ya kaunti za Kaskazini zilizo pembezoni, kuna ile ya ukanda wa Ziwa, kuna ya Ukambani yenye Kitui, Machakos na Makueni. Magavana wanakaa, wanapanga, wanapiga picha. Lakini hizi jumuiya zinahitaji sheria ya kuzisimamisha na pesa za kuziendesha na hapo huwezi kumkwepa seneta.

Chukua maji ya Mzima. Chemchemi ziko Tsavo Magharibi, ndani ya Taita Taveta, bomba linapita linateremka mpaka Mombasa, na wakazi wa Taita Taveta wamelalamika miaka na mikaka kwamba maji yanapita kwao yakienda kwa jirani huku wao wakisaka mitungi. Mombasa nayo bila hayo maji itafanya nini? Hakuna gavana mmoja anaweza kumaliza hiyo peke yake, wa juu akifunga wa chini analia, wa chini akinyamaza wa juu anaumia. Ni jambo la kitaifa linalogusa kaunti mbili, na mahali ambapo wawakilishi wa kaunti zote mbili wanakaa kwenye chumba kimoja wakiwa na uwezo wa kutunga sheria ni Seneti. Agnes Zani, aliyekuwa seneta mteule, alileta mswada wa kugawana faida ya rasilimali asili, maji yakiwemo, ili kaunti yenye rasilimali ipate fungu lake. Ule mswada umezunguka kutoka bunge moja hadi lingine na kwangu hilo ni jambo la kuhuzunisha, kwa sababu Murang'a na Nairobi wana kesi inayofanana kabisa ya Ndakaini, bwawa lililo Murang'a linalopeleka maji Nairobi.

Mipaka pia. Maseno kati ya Kisumu na Vihiga, Mackinnon Road kati ya Kwale na Taita Taveta, Mtito Andei kati ya Taita Taveta na Makueni. Kubadilisha mpaka wa kaunti kunahitaji tume huru, theluthi mbili ya Bunge la Kitaifa na theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti kwenye Seneti. Seneta anayeenda kuchochea vijana kuhusu mpaka anajua vizuri kwamba mpaka hauhamishwi kwa mawe, na yule anayekaa chini na mwenzake wa upande wa pili wakatuliza watu wakati soko linaendelea, huyo anafanya kazi ya ushirikiano ambayo haitaandikwa popote.

Seneta anahusika vipi na Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Kwanza anachagua. Kenya inapeleka wabunge tisa EALA, bunge la Jumuiya kule Arusha, na wanapigiwa kura na wabunge pamoja na maseneta. Mkataba hauruhusu mbunge au seneta aliye kazini kuwa mbunge wa EALA kwa wakati mmoja. Kura ya Novemba 2022 ilimpeleka huko Hassan Omar ambaye alikuwa seneta wa Mombasa 2013 hadi 2017. Na tukichelewa tunaumiza wengine: 2017 Kenya ilichelewa kuwachagua wake kwa sababu ya siasa za uchaguzi, bunge la awali lilikuwa limemaliza muda Juni, na jipya likaweza kuanza Desemba tu. Nchi zingine zilikaa zinatungoja.

Pili, Seneti ina kamati inayoshughulika na utangamano wa kitaifa, usawa na mtangamano wa kanda, na nyingine ya usalama na mambo ya nje. Huko ndo maswali ya mpakani yanafika.

Na sasa Jumuiya si ile ya watu watatu tena, ni nchi nane baada ya Kongo kuingia 2022 na Somalia 2024.

Mimi nauza nyanya Busia. Hayo ya Arusha yananihusu nini?

Yanakuhusu kuliko mtu wa Nairobi. Kuna mpango wa biashara rahisi kwa wafanyabiashara wadogo wa mpakani, mzigo wa bidhaa za hapa kwetu usiozidi dola 2,000 unapita na cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila kulipa ushuru wa forodha. Wengi hawajui, na wasiojua ndo wanaozunguka kwa njia za panya na kulipa watu wasiofaa kulipwa. Seneta wa kaunti ya mpakani akiomba kauli Seneti kuuliza kwa nini maafisa hawatumii huo utaratibu pale mpakani, waziri lazima ajibu, na jibu linabaki kwenye rekodi.

Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, siku chache baadaye ikaondoa kwa masharti. Siku chache hizo malori yalikuwa yamesimama na mahindi yanaharibika. 2025 Tanzania ikazuia wageni kufanya biashara 15 ndogo ndogo, Wakenya walioko huko wakaguswa. Wavuvi wetu nao, Kenya ina asilimia 6 hivi tu ya Ziwa Victoria na kaunti tano ziko ufukweni, Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, na kila mara unasikia wamekamatwa karibu na kisiwa cha Migingo, wamenyang'anywa nyavu na injini. Mambo kama haya balozi atayazungumza kwa upole wake, lakini mtu anayefaa kuyasema kwa sauti, akitaja ufuo na mwezi na injini zilizochukuliwa, ni seneta wa watu hao.

Na wizi wa mifugo Turkana na Pokot? Hilo nalo ni la kikanda?

Sana. Mchungaji wa Turkana hafuati mpaka, anafuata nyasi na maji, anavuka hadi Karamoja Uganda na anarudi. Septemba 2019 Kenya na Uganda zilitia sahihi makubaliano ya amani na maendeleo pale Moroto kuhusu Waturkana, Wapokot na Wakaramoja. Makubaliano ya marais ni mazuri lakini yanahitaji mtu wa kuuliza kila mwaka visima viko wapi, chanjo ya mifugo iko wapi. Seneti ilienda kukaa Turkana 2023, kama ilivyokaa Eldoret 2018 na Kitui 2019, na napenda sana huo utaratibu, kwa sababu seneta wa Nyeri akikaa Lodwar kwa siku chache hawezi tena kuzungumza kuhusu ukubwa wa ardhi kwenye fomula kama mtu asiyejua.

Safari zote hizo za nje zina faida?

Zingine zina, zingine hapana. Kuna Bunge la Afrika kule Midrand ambapo kila nchi ina watu watano, kuna muungano wa mabunge duniani wenye makao Geneva. Usimhukumu seneta kwa kusafiri, mhukumu kwa ripoti. Ujumbe ukirudi ripoti inafaa iwekwe mezani na ijadiliwe. Kama amekuwa nje kila mara na hujawahi kuona chochote kilicholetwa mezani, muulize hadharani.

Lazima wachangie kwa Kiingereza?

Hapana. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Anayeanza na Kiswahili hutakiwa kuendelea nacho na kuna maseneta, hasa wa Pwani, wanaotoa hotuba tamu na nzito kwa Kiswahili. Ningetaka wengi zaidi wafanye hivo, nyanya yangu kijijini anastahili kusikia pesa zake zikijadiliwa kwa lugha anayoielewa.

Seneti ni kitu kipya?

Ilikuwepo 1963 tulipopata uhuru, ikafutwa mwishoni mwa 1966 mabunge mawili yalipounganishwa, ikarudi 2013 chini ya katiba mpya. Maspika tangu irudi ni Ekwee Ethuro, Kenneth Lusaka na Amason Kingi.

Nikiwa na shida ya kaunti yangu nafanyaje ili ifike huko ndani?

Njia iliyo wazi kabisa ni ombi. Kifungu cha 119 kinakupa haki hiyo hata kama huna chama wala cheo. Andika kwa lugha ya heshima, eleza shida ni gani, umejaribu kuipeleka wapi na wakakujibu nini, sema kama jambo liko kortini ama haliko, na mwishoni sema wazi unataka Seneti ifanye nini, hapo ndo wengi huharibu, wanalalamika kurasa nne bila kuomba kitu. Tia sahihi, weka jina na anwani. Unaweza kumpa seneta aliwasilishe au ulipeleke kwa Karani wa Seneti moja kwa moja. Likisomwa linaenda kwa kamati na kamati ina siku 60 za kulishughulikia na kurudisha ripoti. Weka nakala, andika tarehe ulipolipeleka, na siku 60 zikipita bila jibu pigia ofisi ya Karani uulize liko kwa kamati gani.

Na kukiwa na tangazo la kutoa maoni kuhusu mswada peleka maoni, hata ya ukurasa mmoja. Enoch Wambua wa Kitui alipoleta mswada wa ndengu watu wengi walizozana mtandaoni kuuhusu bila kuusoma, lakini mkulima aliyeandikia kamati akasema kifungu hiki kinaniumiza kwa sababu hii na hii, maneno yake yanaingia kwenye ripoti ya kamati na maseneta wanayasoma kabla ya kupiga kura.

Ofisi ya seneta iko wapi basi?

Ana ofisi kwenye kaunti, mara nyingi mjini makao makuu ya kaunti. Jumatatu na Ijumaa una nafasi nzuri zaidi ya kumpata kwa sababu katikati ya wiki yuko vikaoni Nairobi. Nenda na jambo moja, limeandikwa, uache nakala kwa msaidizi wake hata kama mheshimiwa mwenyewe hayupo.